Albamu ya Lokua Kanza niliyoikataa

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wetu anayetembelea vituo, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, katika mazungumzo ya kila mwezi. Tunayachapa jinsi alivyoyasema, tumeondoa marudio tu.)



Mwezi uliopita tuliachana bila kumaliza. Mnakumbuka. Mama mmoja alisimama akasema kwamba binti yake amerudi kutoka mji wa mbali, na anaongea na watoto wake kwa lugha ambayo bibi haisikii hata neno. Mzee mmoja akamjibu: "Huyo si mtoto wetu tena, mwache arudi alikotoka." Watu walicheka. Mama hakucheka, aliketi akafunika uso na kitenge. Mvua ikaanza kupiga shitingi, tukatawanyika.

Nilienda nyumbani na neno lile. Halikunisumbua kwa sababu ni neno la mzee. Lilinisumbua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulisema, tena juu ya watu wawili kwa siku moja: mwimbaji niliyempenda kuliko wote, na kaka yangu wa tumbo moja.

Kamati imeniomba leo niseme juu ya kupokeana. Mimi si padri wala pasta, na mafunzo yenye karatasi kubwa ukutani mmeshapata mengi. Kwa hiyo nitawaeleza habari ya albamu moja ya muziki. Msishangae, nitafika.

Wakubwa hapa wanamjua Lokua Kanza. Vijana wengine wamemwona tu kwenye televisheni mwaka 2016 na 2017, katika The Voice Afrique Francophone, ameketi kwenye kiti chekundu akisikiliza wengine wakiimba. Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanane. Baba yake alikuwa Mmongo, mama yake alitoka Rwanda. Najua nimetaja jambo zito mahali hapa, na nimewaona wengine mmeangaliana. Nitalirudia. Mwaka 1964, wakati ule wa uasi huku mashariki, familia yao ilihamia Kinshasa, naye akiwa mtoto wa miaka sita. Alikua huko, akapiga gitaa katika kikundi cha Abeti Masikini, halafu mwaka 1984 akaenda Paris. Kule alifanya kazi na Ray Lema na Manu Dibango, na mwaka 1993 ndipo akatoa albamu yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe.

Ukisema muziki wa Kongo, mtu anawaza mara moja sebene: gitaa zinakimbizana, atalaku anaita majina, wachezaji wanatoa jasho. Mimi pia ninaipenda, arusi bila sebene ni mkutano tu. Lakini Lokua hakupita njia hiyo. Kwake ni gitaa la mbao na sauti moja, halafu sauti nyingine zinaingia nyuma pole pole, kama watu wanaoingia kwenye nyumba ya msiba, kila mmoja akitafuta mahali pa kukaa bila kusumbua wengine. Katika albamu ile ya 1993 kuna wimbo unaoitwa "Mutoto". Watu wa pwani ya Tanzania wanasema mtoto. Ni sisi huku tunaosema mutoto. Nilipokuwa mdogo nilisikia neno hilo kwenye kaseti nikajua kwamba huyu, hata akiwa Paris, ni wa kwetu.

Kwetu ni Kadutu, pale Bukavu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kaka yangu mkubwa, kwetu tunasema yaya, ndiye aliyeleta kaseti nyumbani. Alileta "Wapi Yo" ya mwaka 1995, na mwaka 2002 akaleta "Toyebi Té". Majina hayo ni ya Kilingala: moja ni "Uko wapi", lingine ni "Hatujui". Katika miaka ile ya vita hayo yalikuwa ndiyo maswali yetu ya kila siku na majibu yake. Usiku, risasi zikisikika mlimani, baba alituruhusu kufungua kaseti kwa sauti ya chini kabisa, ili sisi watoto masikio yetu yabaki ndani. Yaya alikuwa anaweka mkono juu ya redio kama mtu anayepima homa. Akisikia betri zinachoka, anazitoa, anaziuma kwa meno kidogo, anazirudisha. Ninyi mliouma betri mnajua ninachosema.

Mwezi wa sita mwaka 2004 mji wetu uliingiliwa na askari waasi. Zilikuwa siku chache tu, lakini waliokuwa pale wanajua yaliyofanyika, na mbele ya watoto hawa sitayaeleza. Yaya alikuwa na miaka 22. Wiki iliyofuata aliondoka. Alipita Goma, akavuka Bunagana, akafika Kampala. Mimi nilikuwa na miaka 16. Nilibaki na redio.

Mwaka mmoja na nusu tulipata barua mbili tu, zote kwa Kiswahili, fupi. Halafu Desemba 2005, karibu na Noeli, mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kampala kuchukua vitenge alituletea bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya tatu, na CD mpya ya Lokua Kanza. Jina lake "Plus Vivant", maana yake hai zaidi.

Sisi hatukuwa na mashine ya CD. Jirani alikuwa nayo. Basi jirani akaja na mashine yake, baba mdogo akaja, mama akakaanga sambaza, watoto wa mtaa wakakaa mlangoni. Tulikuwa tumekaa miaka mitatu bila kusikia albamu yake mpya. Mwaka 2004 alikuwa ametoa moja pamoja na Richard Bona wa Kameruni na Gérald Toto, lakini hiyo ilikuwa haijatufikia Kadutu. Nikaweka CD, nikakaa chini.

Kifaransa.

Nikasema labda wimbo wa kwanza tu. Wa pili, Kifaransa. Mama akauliza, "Anasema nini?" Nikaruka hadi mwingine, nikaruka tena. Sehemu kubwa ya albamu ile ni Kifaransa. Watoto wa mlangoni walianza kuondoka mmoja mmoja. Jirani akauliza kwa heshima kama tunaweza kuweka Koffi.

Lazima niwaeleze Kifaransa kilikuwa nini kwangu. Kilikuwa lugha ya bulletini, ya prefe, ya karatasi za ofisi zinazorudishwa kwa sababu ya nukta. Pale nilipoanzia shule, mtoto aliyeshikwa akisema Kiswahili uwanjani alivishwa kipande cha mbao shingoni, tulikiita simbole, akakaa nacho mpaka amshike mwingine. Nilikivaa mara nyingi. Kwa hiyo Lokua alipofungua kinywa kwa Kifaransa, ilikuwa kama mama yangu aniamshe asubuhi kwa sauti ya prefe.

Halafu nikafungua barua ya yaya. Nayo ilikuwa kwa Kifaransa, kurasa nne.

Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno makali. Alisema: "Mnashangaa nini? Hamjui mama ya huyo mwimbaji alitoka wapi? Mtu wa damu mbili hana kwao. Na mtoto wenu kule Kampala naye amekwisha kuwa hivyo hivyo." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, tena sana, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kunisaidia kuwa nayo. Ndipo nikaona mama anainuka na sahani yake, anaenda jikoni. Bibi yangu, mama yake mama, alizaliwa Cyangugu, ng'ambo ya Ruzizi. Wote pale tulijua. Mama hakusema kitu siku ile wala siku nyingine. Lakini nilicheka, na yeye alinisikia.

Usiku huo nilimwandikia yaya. Barua ilikuwa fupi. Nilisema: "Wewe na mwimbaji wako mmekuwa Wazungu. Msitutumie tena vitu." Nikampa yule mama wa vitenge. CD nikaitupa kwenye sanduku la vitambaa vya baba.

Yaya hakujibu. Mwaka 2006 ulipita. Machi 2007 baba alikufa, na yaya hakuja kwenye matanga. Watu wa ukoo walikaa siku zile wakisema neno lile la mzee wetu hapa: huyo si wetu tena. Nami nilikubali kwa kichwa, huku nimeshika jembe la makaburini.

Sasa sikilizeni jinsi muziki unavyorudi kwa mtu. Haukunirudia kwa sababu niliamua kuwa mwema. Mwaka 2010 nilikuwa chuo kikuu, na mwanafunzi mwenzangu aliniwekea kwenye simu albamu mpya ya Lokua, "Nkolo". Nkolo ni Bwana, mwenye vitu. Kilingala kimerudi! Mle kuna wimbo "Nakozonga", maana yake nitarudi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nikawaambia wenzangu: mmeona, amejirudi, amewaachia Wafaransa Kifaransa chao.

Niliisikiliza wiki nzima, nikienda darasani, nikirudi. Na kadiri nilivyosikiliza kuna kitu kilinisumbua. Hakuwa yule wa kaseti. Katika kaseti za zamani alikuwa anaimba kama mtu anayetaka kukuonyesha mlima wote kwa mara moja. Hapa alikuwa anaacha nafasi. Anasema neno, ananyamaza, gitaa linatembea peke yake, halafu anarudi. Tena hakuimba Kilingala peke yake: ndani ya "Nkolo" kuna hata Kireno, kwa sababu alikuwa amekaa Brazil. Na Kireno hicho hakikunikasirisha hata kidogo. Niliona kizuri. Nikajiuliza: kwa nini Kireno ni halali na Kifaransa ni dhambi? Sikupata jibu la kunipendeza.

Na kule kuacha nafasi, alijifunza wapi? Kati ya "Toyebi Té" na "Nkolo" kulikuwa na albamu moja tu yake peke yake. Ile iliyokuwa kwenye sanduku la baba.

Siku ya Jumapili nilipanda Kadutu. Mama alikuwa kwenye misa. Nikafungua sanduku, CD ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha suruali ya kaki, safi kabisa. Mimi niliitupa. Mtu aliifunga. Sikuuliza, najua ni nani.

Mara ya kwanza bado sikuipenda, niseme ukweli. Niliisikiliza kwa kompyuta ya kuazima, umeme ukakatika katikati, nikasema afadhali. Mara ya pili nilifanya kitu kimoja: niliacha kusikiliza maneno. Nilisikiliza kama mama alivyosikiliza siku ile, mtu asiyejua Kifaransa. Ndipo nikasikia wale watu wa nyumba ya msiba. Walikuwepo wote. Sauti ya chini, sauti ya juu, ile nyembamba inayokuja mwishoni kama mtoto aliyechelewa. Gitaa lilikuwa lile lile. Alikuwa hajaacha kitu hata kimoja cha kwake, alikuwa amevaa tu koti la mahali alipokaa. Na mimi siku ile ya Noeli nilihukumu koti.

Nikapiga hesabu. Alifika Paris 1984, albamu ilitoka 2005. Miaka 21. Alimaliza muda mrefu kule kuliko utoto wake wote Bukavu na Kinshasa. Kifaransa alichokisema hakikuwa cha prefe wangu. Kilikuwa cha kununulia mkate, cha kugombana na mwenye nyumba, cha kusalimiana na jirani ngazini. Mimi nilikuwa namtaka abaki mtu wa 1993, akae pale pale ndani ya kaseti nimkute nikirudi kutoka shule.

Siku hiyo hiyo jioni nilinunua yuniti za dola mbili nikatafuta namba ya yaya. Ilipita kwa watu watatu. Alipokea, nikanyamaza, naye akanyamaza. Halafu nikasema: "Nimeisikiliza." Hakuuliza nini. Alisema: "Imekuchukua miaka mitano."

Nitawaambia alichonieleza, kwa sababu ndicho kilichonileta hapa mbele yenu. Alisema: "Kampala hakuna mtu anayesema Kifaransa. Kiswahili chenyewe, wengi pale wanakikwepa, wanakiita lugha ya askari na ya wezi. Kiluganda nilikuwa sijui, Kiingereza nilikuwa sijui. Nilikuwa bubu mwaka mzima. Siku moja napita kwa kinyozi wa Kikongo, nasikia sauti ya Lokua kwa Kifaransa. Nilisimama mlangoni. Ilikuwa sauti ya nyumbani, kwa lugha ya shule yetu, ya habari za redio ya asubuhi, ya baba akisoma karatasi ya kodi kwa sauti kubwa ili tuone kwamba anajua kusoma. Nililia mbele ya watu wanaonyolewa. Nilifanya kazi siku sita nikanunua ile CD. Ilikuwa moja tu. Nikawatumia ninyi. Nilidhani mtanisikia mle ndani."

Na barua yenye kurasa nne? Aliiandika kwa Kifaransa kwa sababu alikuwa anaogopa kukisahau.

Wandugu, mimi nilikuwa nyumbani, nikasikia Kifaransa nikaona mtu anaondoka. Yeye alikuwa ugenini, akasikia Kifaransa kile kile akaona mtu anarudi. Wimbo ulikuwa mmoja. Na kifo cha baba alikipata siku kumi na moja baada ya maziko, kwa mdomo wa mtu wa soko, hana karatasi za kuvuka mpaka wala nauli. Sisi tulikuwa tumekwisha kumhukumu siku ya tatu.

Alirudi 2012, na mke na watoto wawili wanaosema Kiluganda na Kiingereza. Msifikiri tuliimba tukakumbatiana ikaisha. Palikuwa na kiwanja cha baba. Ukoo ulikaa siku mbili, wakasema aliyekosa matanga amekosa urithi. Siku ya kwanza nilinyamaza, kwa woga. Siku ya pili nilieleza habari ya siku kumi na moja, na nikaeleza barua niliyoandika mimi, ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Ilikuwa aibu. Baba mdogo alinitazama kwa muda mrefu. Mwishowe yaya alipewa vyumba viwili vya nyuma. Si haki yake yote, na mpaka leo jambo hilo tunalizungumza. Lakini anakaa pale, na mama kabla ya kufa alijifunza kuomba chumvi kwa Kiluganda.

Mtu ataniuliza: basi tupende kila kitu? Hapana. Katika "Plus Vivant" kuna nyimbo mbili tatu ambazo mpaka leo ninaziruka. Naona zimetiwa sukari mno. Nimezisikiliza mara nyingi, na bado sizipendi, na sasa nina haki ya kusema hivyo. Mwaka 2005 sikuwa nayo, kwa sababu nilisikiliza nusu dakika ya kila wimbo nikiwa na watu wa kunichekea. Na mwaka 2021 alipotoa "Moko", miaka kumi na moja baada ya "Nkolo", mnajua nilifanya nini? Sikuipenda! Wanamuziki wengi mno, nikasema, gitaa langu liko wapi? Tabia haifi. Ila safari hii sikumwandikia mtu barua. Niliiacha siku kadhaa, nikaifungua tena asubuhi moja nikiwa ninapiga pasi, na ikaingia. Moko maana yake ni moja.

Sasa lile jambo zito niliahidi kulirudia. Mama yake alitoka Rwanda, na baba mdogo alisema mtu wa damu mbili hana kwao. Mimi niliyasikia maneno hayo na miaka 17, na leo katika kazi hii ninayasikia kwenye kila kituo, juu ya watu wa kila kabila, yanabadilisha majina tu. Lokua alitoa tena albamu na wale wenzake wawili, Bona na Toto, wakaiita "Bondeko". Wanaojua Kilingala hapa hawahitaji kutafsiriwa. Kwa wengine: udugu. Mimi sijui alilala usiku mangapi akiwaza damu ya mama yake na habari za huku kwetu. Ninachojua ni usiku wa mama yangu jikoni na sahani yake. Hapa katikati yetu leo kuna akina mama kadhaa wenye bibi aliyezaliwa ng'ambo fulani, na wanatusikia tunapocheka.

Mzee wangu, uliyesema neno lile mwezi uliopita, nilikuja kwako jana kukuomba ruhusa ya kulitaja, na ulinipa. Asante. Tena uliniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba mtoto wako wa kiume aliondoka 2013 na hajapiga simu. Uliniruhusu nalo nilitaje, kwa hiyo nimelitaja. Viongozi wa kamati, wale wanaosaidia kutafuta ndugu waliopotezana watakuwa hapa Alhamisi. Jina la kijana liandikwe mapema, na la wengine pia, msingoje mstari uwe mrefu.

Na mama yule, Jumanne nilipita kwake. Binti alikuwa ameenda kuchota maji. Bibi na wajukuu walikuwa wanachambua maharage kwenye ungo. Watoto wanahesabu kwa lugha yao, bibi anahesabu kwa yake. Walipofika mwisho, kila mmoja alinyosha vidole kuonyesha alichopata. Walikuwa sawa, isipokuwa yule mdogo aliyekula moja bichi.

Nimeleta kipaza sauti hiki kidogo. Betri yake inatosha nusu saa hivi, kwa hiyo hatutapiga kila kitu. Nitaanza na "Mutoto", wakubwa watajua kwa nini. Halafu nitaweka mmoja wa "Plus Vivant", kwa Kifaransa, na nawaomba wanaosikia Kifaransa wasitafsirie wengine mpaka uishe. Tutamaliza na "Nakozonga". Watoto wakae mbele. Ninyi vijana wa nyuma, sogeeni, kipaza sauti hiki hakina nguvu.